Sanduku Lisiulize "Ugonjwa Gani?"

Hotuba juu ya afya ya unyumba, iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa Baraka. Tunaichapa yote kwa sababu wanachama wa vijiji vya mbali wameiomba, na kwa sababu mapendekezo yaliyo mwishoni yatapigiwa kura katika mkutano ujao.



Komite iliniomba niseme juu ya afya. Nami nikaomba ruhusa niseme juu ya ile sehemu ya afya ambayo katika mikutano yetu tunairuka kila mara. Malaria tunaisema. Kolera tunaisema. Maji ya kisima na vyoo tunasema mpaka jua linazama. Lakini mambo ya chumbani tunayaacha mlangoni pamoja na viatu. Wazee wamekubali niyaingize ndani leo, na nimewaahidi kwamba nitasema kwa heshima. Watoto wamepelekwa kucheza, basi tuendelee.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Sisi warapatriye tuna lugha mbili mdomoni. Kule Tanzania tulisema UKIMWI, hapa tunasema SIDA. Kule ni kondomu, hapa ni kapote. Kwa mambo ya mwili kati ya mwanaume na mwanamke nitatumia neno la wazee: unyumba. Neno hili ni la wenye ndoa, lakini ninayosema yanamhusu pia kijana ambaye bado hajaoa, mjane, na mama aliyeachwa.

Unyumba wenye afya ni nini?

Wengi wetu tukisikia "afya" na "chumbani" katika sentensi moja, tunafikiri vitu viwili tu: SIDA na ubakaji. Ni kweli, hivyo viwili vimetuumiza sana katika Kivu. Lakini mtu anaweza kuwa hana SIDA, hajabakwa, na bado unyumba wake ni mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani, lile tunaita OMS, tangu zamani linasema kwamba afya siyo kukosa ugonjwa tu. Kwa upande wa unyumba linasema vilevile: ni hali njema ya mwili, ya moyo, ya akili na ya maisha pamoja na wengine, inataka heshima, inataka mtu aweze kuwa na unyumba wenye furaha na usalama, bila kulazimishwa, bila kubaguliwa, bila kupigwa. Neno "furaha" limo ndani, wazee wangu, sikuliongeza mimi. Na mwaka 2021, watafiti waliandika katika jarida la Lancet Public Health kwamba serikali zinapopima afya ya watu zipime na jambo hili pia, zisihesabu magonjwa na mimba peke yake.

Walitaja mambo saba. Nitachukua yale ambayo kila mtu hapa atayatambua. Je, ukiwa na mwenzako unajisikia salama? Je, anakuheshimu? Je, wewe mwenyewe unaweza kusema ndiyo, na unaweza kusema leo hapana? Je, mwili wako unauonea haya, au umetulia nao? Na yale mabaya yaliyokupata zamani, je, moyo wako umeanza kupona, au kila usiku yanarudi kulala katikati yenu?

Maswali haya hayapimwi kwa damu wala kwa mkojo. Lakini munganga mzuri anayajua, kwa sababu mtu aliyejibu vibaya maswali haya atarudi kwake mara kumi, leo mgongo, kesho kichwa, kesho kutwa tumbo, na dawa hazimsaidii.

Njia tuliyopita

Juu ya nini ninasema hii habari katika chama cha warapatriye, siyo katika kituo cha afya tu? Ni kwa sababu njia tuliyopita imeingia mpaka kitandani.

Wengi wetu tulilelewa au tulioana Nyarugusu na Lugufu. Munakumbuka ile nyumba moja: baba, mama, watoto sita, shangazi, na pengine jirani aliyefika jana, wote chini ya shitingi moja. Mume na mke walijifunza kukutana haraka, kimya, gizani, kama watu wanaoiba. Wengine walizoea kutokutana kabisa. Mimi nilikulia ndani ya hema kama hilo, na leo nikisikia bwana na bibi wanasema hawajui kuongea juu ya unyumba wao, sishangai. Wangeongea saa ngapi, na watoto wote wako macho?

Kiisha tukarudi. Kuanzia mwaka 2005, HCR ilipoanza kutuvusha ziwa kutoka Kigoma, familia nyingi zilivuka kwa vipande. Baba alitangulia kuangalia shamba, mama akabaki kambini juu ya posho na masomo ya watoto. Wengine walikaa mbalimbali miezi, wengine miaka. Siku ya kukutana tena, kila mtu alidai mambo yawe kama zamani, kwa usiku mmoja. Na leo wababa na vijana wetu wengi wako Misisi katika dhahabu. Wanarudi baada ya wiki nyingi na pesa kidogo na maswali mengi ambayo hakuna anayeyauliza.

Ongeza juu yake wale walioumizwa katika vita, wanawake na, tuseme ukweli, wanaume pia. Mwanaume aliyebakwa na wenye silaha hasemi. Anaanza kunywa, anakimbia kitanda, anapiga. Bibi yake anafikiri amepata mwanamke mwingine. Nyumba inavunjika na kila mtu anataja sababu isiyo ya kweli.

Mambo ya chumbani yanatoka nje

Kuna mzee ameniuliza: "Mwanangu, lakini haya ni siri ya nyumba. Chama kinaingia wapi?" Swali ni zuri. Siri ya nyumba ibaki siri ya nyumba. Lakini kuna mambo ambayo yakinyamaziwa chumbani yanatoka yenyewe na kutembea barabarani. Nitataja matano.

La kwanza ni mpox, ile watu wanaita ndui ya nyani. Mwezi wa Septemba 2023, hapa kwetu Kivu Kusini, katika mji wa dhahabu wa Kamituga, ilianza kuonekana aina mpya ya ugonjwa huu. Wagonjwa wengi wa kwanza walikuwa watu wazima, wachimbaji na wanawake wanaouza mwili, na ilikuwa inapita katika unyumba. Vidonda vilikuwa sehemu za siri, na mtu mwenye kidonda sehemu ya siri hakimbilii kwa munganga, anakimbilia kwa muuza dawa wa njiani. Baadaye ugonjwa ulifika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza hali ya dharura ya dunia nzima. Siwalaumu watu wa Kamituga. Ninasema tu kwamba haya ni barabara nzuri sana ya ugonjwa, na kati ya Kamituga, Misisi na Baraka watu wetu wanatembea kila siku.

La pili ni magonjwa ya zinaa yasiyopiga kelele. Kaswende kwa mama mwenye mimba inaweza kuua mtoto tumboni, na yeye mama hasikii chochote. Kupima ni tone la damu, na tiba ni sindano za penisilini. Njo maana siku ya CPN ni muhimu hivyo, na njo maana bwana naye apime na kutibiwa, kwa sababu ukimtibu mmoja, mwingine anamrudishia. Ugonjwa mwingine, klamidia, mwanamke wengi wao hawauoni kabisa, lakini unaweza kufunga mirija ya uzazi. Kiisha mama anaitwa tasa.

Hapa nisimame kidogo. OMS ilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani anakutana na shida ya kukosa mtoto katika maisha yake. Sababu inaweza kuwa ya mke, inaweza kuwa ya mume, inaweza kuwa ya wote wawili. Hapa kwetu mke anafukuzwa kabla mume hajapimwa hata mara moja. Huo siyo utabibu, ni hukumu bila kesi.

La tatu ni la wababa, na ninaomba musicheke. Mwanaume ambaye mwili wake haumsikii tena chumbani anafikiri amelogwa, au bibi amemchoka. Inaweza kuwa mawazo tu. Lakini inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa presha, inaweza kuwa pombe na tumbaku. Mara nyingine ni dalili ya kwanza ya ugonjwa wa moyo, inakuja mbele kabla kifua hakijauma. Yule baba akienda kupima presha na sukari, pengine anaokoa maisha yake. Akienda sokoni kununua vidonge vya nguvu bila jina na bila munganga, anaweza kujiua, hasa kama tayari anakunywa dawa fulani za moyo. Kwa hiyo ile aibu ya baba wa miaka 50 ni jambo la afya ya watu wote, maana anayemtegemea ni nyumba nzima.

La nne ni maumivu ya wamama. Mama aliyejifungua, anayenyonyesha, mwili wake unaweza kuwa mkavu na kuuma. Mama aliyekoma hedhi vilevile. Mama mwenye ugonjwa ndani vilevile. Wengine wanafikiri kuumia ni sehemu ya ndoa, wanafunga meno. Na wengine, ili kumfurahisha bwana, wanaweka majani na unga wa kukausha. Ule ukavu unachana ngozi ya ndani, na ngozi iliyochanika ni mlango wa SIDA. Tena wako wale waliopata fistula katika uzazi mgumu, mkojo unatoka bila kukoma, wakafichwa nyuma ya nyumba. Fistula nyingi zinatibika kwa upasuaji. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, imejulikana duniani juu ya kazi hiyo na juu ya kutunza waliobakwa. Alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, dunia ilipiga makofi. Lakini mama aliyefichwa nyuma ya nyumba hafaidiki na makofi kama hakuna wa kumpakia kwenye gari.

La tano ni ubakaji wenyewe. Hapa ninaomba kila mtu akariri namba moja: masaa 72. Aliyebakwa akifika kwa munganga kabla ya masaa 72 anaweza kuanza dawa za kuzuia SIDA, anazikunywa siku 28. Afadhali afike saa ileile, kwa sababu kila saa inayopita nguvu ya dawa inapungua. Dawa ya kuzuia mimba inafaa kwa siku tano tu, nayo pia mapema ni bora. Hata aliyechelewa aende, kwa sababu kuna magonjwa mengine ya kutibu na kuna moyo wa kutunza. Na matibabu hayasubiri polisi. Kwanza munganga, kiisha mengine.

"Hapana" ndani ya ndoa

Sasa neno gumu. Kuna wababa wanasema: "Nimetoa mahari, nimetoa ng'ombe na mbuzi, bibi atakataaje?" Wababa zangu, mahari inaunganisha familia mbili. Hainunui mwili. Mke aliyechoka kulima toka asubuhi, aliyejifungua juzi, au mwenye maumivu, akisema leo hapana, hajavunja ndoa. Anayemlazimisha njo anaivunja, kidogo kidogo, mpaka siku moja bibi analala na nguo mbili na khanga juu yake, na bwana anajiuliza mapenzi yalienda wapi. Na upande mwingine pia: kuna mke anayemnyima bwana miezi kama adhabu, bila neno. Hilo nalo ni jeraha. Dawa ya yote mawili ni kuongea mchana, siyo usiku, tena mukiwa hamujakasirika.

Juu ya kupanga uzazi, OMS inashauri mama akae walau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Wengi wanafikiri mama hawezi kuamua kitu bila bwana yake. Sheria ya Kongo namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, juu ya afya ya watu, inasema kwa waliooana kisheria wakubaliane wote wawili juu ya njia. Lakini wasipopatana, neno la yule ambaye njia inahusu mwili wake linashinda. Kupatana ni bora, ninarudia, kupatana ni bora. Lakini mama ajue sheria iko upande gani.

Sanduku letu

Nimefika kwenye jambo lenyewe.

Munajua kanuni yetu. Mwanachama mgonjwa anakuja siku ya Jumamosi, anasimama mbele ya komite, anasema anaumwa nini. Katibu anaandika katika daftari: jina, ugonjwa, pesa. Mwisho wa mwezi daftari linasomwa mbele ya wote. Walioweka kanuni hii walikuwa na akili. Sisi ni watu wa orodha. Maisha yetu ya kambini yalikuwa kadi na orodha, na tulijifunza kuogopa orodha inayofichwa. Tukasema: katika chama chetu kila kitu kisomwe wazi.

Lakini muangalie matokeo. Nimeruhusiwa na komite kusoma daftari toka mwanzo. Kuna malaria, kuna mguu uliovunjika, kuna homa ya matumbo, kuna henia, kuna uzazi wa kupasuliwa. Ukilisoma lote utafikiri warapatriye wa Fizi hawana kitu chochote kati ya kitovu na magoti.

(Kicheko.)

Mumecheka, vizuri. Sasa musikie upande wa pili. Kazi yangu inanipitisha katika vituo vya afya, na wanganga wananiambia watu wetu wanakuja, lakini wanakuja wamechelewa na wanakuja na jina la uongo la ugonjwa. Chukueni mfano wa mama mmoja. Nimeuchanganya kutoka kwa wengi ili musimtafute. Anatoka maji machafu ukeni, tumbo la chini linauma, mwezi wa tatu sasa. Nauli ya pikipiki na vipimo hana. Sanduku lipo, amelichangia kila mwezi bila kukosa. Lakini katika komite anakaa shemeji yake. Atasimama aseme nini? Akisema ukweli, jioni ukweo mzima unajua, na neno la kwanza litakuwa: "Umeutoa wapi?" Akisema "tumbo", anapewa pesa ya tumbo, anaenda kupewa dawa ya minyoo. Kwa hiyo anakaa nyumbani. Sanduku lake mwenyewe limemfungia mlango.

Au msichana wa miaka 15 aliyebakwa Jumapili jioni njiani akitoka kuchota maji. Komite inakaa Jumamosi. Hesabuni masaa, munaona ni mangapi. Tena akifika mbele ya komite aeleze kilichompata, mbele ya watu tisa? Afadhali mzazi wake amfiche.

Njo maana ninasema afya ya unyumba siyo jambo la chumbani peke yake. Kwetu sisi inaamuliwa pale mezani Jumamosi, kwa swali la maneno mawili: "Ugonjwa gani?" Swali hilo linaulizwa kwa nia njema, na linawazuia watu kutibiwa. Komite siyo munganga. Haihitaji kujua jina la ugonjwa ili kulipa nauli.

Mapendekezo manne

Kwanza: mwanachama alete karatasi ya kituo cha afya yenye muhuri, tarehe na kiasi cha pesa, basi. Katika daftari tuandike neno moja kwa wote, "matibabu", kwa mwenye malaria na kwa mwenye kaswende sawasawa. Tukiwaandikia wenye unyumba peke yao neno la pekee, tumewaonyesha kwa kidole. Pesa isomwe wazi mwisho wa mwezi kama kawaida. Ugonjwa usisomwe.

Pili: tuweke kando kiasi kidogo cha dharura, kikae na watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, waliochaguliwa na mkutano. Kila mmoja aweze kutoa nauli saa yoyote, usiku na Jumapili, bila kuita kikao na bila kuuliza. Masaa 72 hayangoji Jumamosi. Na yule mama akajulikane na wasichana wote, na yule baba akajulikane na vijana wote, maana wavulana nao wanaumizwa.

Tatu: mara moja kwa mwezi, wamama wakae peke yao na muzalishaji, wababa wakae peke yao na munganga mwanaume, na siku nyingine wenye ndoa wakae pamoja. Presha na sukari zipimwe siku ya wababa. Mwanaume anayeona haya kusema "chumbani" haoni haya kusema "nimekuja kupima presha", na mlango mmoja unafungua mwingine.

Nne, na hili ninaliomba kwa nguvu: pesa ya sanduku, na kiti cha chama, visitumike kamwe kupatanisha familia juu ya ubakaji. Munajua tunavyofanya. Mtoto ameharibiwa, wazee wanakaa, wanatoza mbuzi, au wanasema yule kijana amuoe. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 5 mpaka 20 kwa ubakaji, na kumwingilia mtoto ambaye hajafika miaka 18 inahesabiwa kuwa ubakaji hata kama wanasema alikubali. Sheria ya pili ya siku ileile, namba 06/019, inasema kesi ya namna hii haifi kwa sababu mtu amelipa faini ya mapatano. Basi mbuzi hamalizi kesi. Na mtoto aliyeozwa kwa aliyembaka, tumempa hukumu ya maisha na kumwachia huru mwenye kosa.

Mweka hazina wetu ameniuliza neno la haki: "Kama hatuulizi, watu hawatadanganya?" Wengine watajaribu. Lakini hata leo yule anayesema "malaria" hatumpimi damu pale mezani. Karatasi yenye muhuri ni ulinzi mzuri kuliko aibu. Tuweke kikomo cha pesa kwa mtu kwa mwaka, na kila miezi mitatu mkaguzi wetu aende kituoni kulinganisha namba za karatasi, namba tu, bila majina. Mwizi atashikwa kwa hesabu. Aibu haijawahi kumshika mwizi, inamshika mgonjwa.

Kwa wasaidizi wetu

Ninyi munaotutumia msaada, asanteni. Ninawaomba vitu vidogo ambavyo havionekani vizuri katika picha. Chumba cha kumpokelea mgonjwa kiwe na mlango unaofungwa, au hata pazia zito. Katika vituo vingine foleni nzima inasikia kila neno. Dawa za baada ya kubakwa ziwepo pia Jumapili, na ziwepo katika vituo vya mbali, siyo hospitali kubwa peke yake. Munganga afundishwe kuuliza bila kuhukumu, na afundishwe kutunza baba aliyebakwa kama anavyotunza mama. Na mukitaka ripoti, tutawapa namba. Musituombe majina, musituombe hadithi na picha za wasichana wetu. Siri tunayowadai wanachama wetu, tunawadai na ninyi.

Wanachama wenzangu, sikuja kuwafundisha mapenzi. Wazee waliokaa mbele hapa walipenda na kulea kabla sijazaliwa. Nimekuja juu ya daftari. Mkutano ujao mutaombwa kunyosha mkono juu ya mapendekezo haya manne, moja moja, na kila mmoja anaweza kukubali hili na kukataa lile. Kabla ya siku hiyo, ninaomba kila nyumba iulizane swali moja, mchana, watoto wakiwa shuleni: "Kama mimi au wewe tungepatwa na ugonjwa wa sehemu za siri leo, tungeweza kwenda kusimama pale mezani?"

Kama jibu lenu ni ndiyo, kanuni yetu iache ilivyo. Kama jibu ni hapana, basi munajua ni wangapi wamekaa nyumbani tayari.

Sasa ninapokea maswali, na mwenye swali la siri atanikuta pale chini ya mwembe baada ya mkutano.